Uzi wa nyuzi sita: nina miaka 43 ndio naanza gita, kubadilisha kodi kunanitoa jasho

Bila_Piki

Wakuu habari zenu. Humu mi ni msomaji wa kimya kimya wa siku nyingi, leo nimeona niseme maana nimechoka kuongea na ukuta.

Iko hivi. Mi mtu mzima, miaka 43, utotoni sijawahi kugusa chombo chochote cha muziki zaidi ya kupiga meza darasani mpaka mwalimu ananitoa nje. Miezi mitano iliyopita nikasema sasa basi, nikachukua gita la kawaida lisilo la umeme, nyuzi za chuma, nikaanza kujifunza mwenyewe kwa video. Kodi ninazozijua, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni G, C, D, Em na Am. Na nisiwe muongo, moja moja zinatoka. Nikishika G nikapiga nyuzi zote sita zinalia safi, mpaka najikubali.

Shughuli ni pale ninapotakiwa kuhama. Jana nimejirekodi na simu nione tatizo liko wapi, nikacheka halafu nikanuna. Ikifika zamu ya kutoka G kwenda C vidole vyote vinaruka juu kwa mpigo kama kuku waliofukuzwa, vinaning'inia hewani, mkono wa kulia nao unasimama kusubiri, halafu kinatua cha shahada peke yake kwenye uzi wa pili, naangalia, natafuta cha kati kikae wapi, natafuta cha pete, nikija kumaliza kuvipanga wimbo umeshafika kiitikio. Nimehesabu kwenye ile rekodi, karibu sekunde tatu za ukimya. Mwanangu wa miaka tisa kaniuliza, baba mbona wimbo wako una breki nyingi?

Sasa naomba ukweli, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hivi ni umri? Vidole vimeshakomaa havifundishiki tena? Na hiyo F ndio sitaki hata kuiongelea, nikilaza kidole nyuzi sita inatoka sauti kama ya kugonga ubao.

---

Mzee_wa_Besi

Kodi zinamtesa kila mtu mkuu. Hizi zako angalau unajua zinaenda wapi 😂

---

UziWaTatu

Mkuu kwanza hongera kwa kujirekodi, wengi wetu tunaiogopa hiyo kuliko daktari wa meno. Mi nilianza na miaka 39 nikakwama hapo hapo ulipokwama, nikakaa mwaka mzima nalaumu vidole. Kabla sijasema mengi nijibu kitu kimoja: G unaishika kwa vidole gani?

---

Bila_Piki

Cha kati uzi wa sita (ule mnene) freti ya 3, yaani nafasi ya tatu kati ya zile waya za shingoni, cha shahada uzi wa tano freti ya 2, cha pete uzi wa kwanza (ule mwembamba) freti ya 3. Ndivyo walivyoonyesha kwenye video.

---

UziWaTatu

Nilijua tu.

Chukua gita hapo ulipo, usisome kwa macho tu. Shika G upya, safari hii cha pete kikae uzi wa sita freti ya 3, cha kati uzi wa tano freti ya 2, na kile cha mwisho kidogo kikae uzi wa kwanza freti ya 3. Noti ni zile zile, sauti ile ile. Kidole kidogo kitalalamika siku mbili tatu, kiache kilalamike.

Haya sasa angalia C inavyokaa. Cha pete uzi wa tano freti ya 3. Cha kati uzi wa nne freti ya 2. Umeona? Hivyo viwili havijabadilisha mkao hata kidogo, vimesogea uzi mmoja tu kwa pamoja, kama watu wawili kwenye benchi wanaosogea kumpisha wa tatu. Kinachobaki ni kuinua cha mwisho na kuweka cha shahada uzi wa pili freti ya 1. Kwa mshiko wako wa zamani ilibidi vidole vyote vitatu vivunje kambi vikajenge upya sehemu nyingine, lazima ikule sekunde tatu.

Ila usiutupe ule wa zamani. Ukiwa unatoka G kwenda D, shika G hivi: cha kati uzi wa sita, cha shahada uzi wa tano, cha pete uzi wa PILI freti ya 3, cha mwisho uzi wa kwanza freti ya 3. D nayo inataka cha pete uzi wa pili freti ya 3, yaani kimeshafika kabla hujahama! Unakiacha hapo hapo, vingine vinazunguka kukifuata, cha shahada uzi wa tatu freti ya 2, cha kati uzi wa kwanza freti ya 2. Kwa hiyo ukiniuliza G inashikwaje nitakuuliza kwanza unaelekea wapi.

Hiki ndicho kilichonipotezea mwaka. Nilikariri kodi kama picha za pasipoti, hii G, hii C, hii D, kila moja na sura yake, nikikaa mazoezini nashika G napiga wee, nahama nashika C napiga wee. Yaani nilikuwa nafanya mazoezi ya kukaa kwenye kodi, na kukaa hakujawahi kunishinda. Kilichonishinda ni ile safari ya katikati na sikuwahi kuifanyia mazoezi hata dakika moja, nilikuwa naipita tu mbio kwa aibu nikafike ng'ambo.

Zoezi lenyewe ni la kijinga mpaka linachosha. Kodi mbili tu. Mkono wa kulia weka pajani, hauhusiki. Weka saa ya simu dakika moja, hama G kwenda C, rudi G, nenda C, kila ukifika hesabu moja. Usipige wimbo. Andika namba kwenye karatasi. Mi siku ya kwanza nilipata 7, na ya saba nilikuwa nimeibaibia.

Na kingine, kabla ya kuhama usiinue vidole, legeza tu, viache kukandamiza ila viendelee kuzigusa nyuzi, sekunde moja, ndio vihame. Hapo ndio utagundua zile kuku zako zinarukia juu bure, maana sehemu zinapokwenda ni jirani.

---

Bila_Piki

Nimeshika gita huku nasoma. Aisee. Hii ya kusogea uzi mmoja mbona hakuna aliyeniambia miezi mitano yote hii?? Nimefanya ile dakika moja nimepata 9 kwa mshiko mpya ambao ndio kwanza nimejifunza dakika kumi zilizopita. Kidole cha mwisho kinatetemeka kama kina homa.

---

Kapo_Freti2

Kuongezea hapo kwa UziWaTatu, zipo safari nyingine fupi hivyo hivyo. C kwenda Am ni kidole kimoja tu kinachohama, cha pete kinatoka uzi wa tano kinaenda uzi wa tatu freti ya 2, vingine viwili vimetulia. E kwenda Am ni umbo lile lile zima, unalishusha uzi mmoja. Ukizijua hizi nne tano unaanza kuona gita kama ramani, acha kukariri.

---

Sina_Haraka

Mi nitasema lisilopendwa. Umri upo jamani tusidanganyane. Mtoto wa miaka kumi ana masaa, hana mkopo wala bosi, akikosea hajali. Wewe una dakika ishirini usiku ukiwa umechoka na kila ukikosea unajisikia vibaya. Hiyo ndio tofauti, haimo kwenye mifupa ya vidole.

---

Nyimbo_za_Jioni

Sina_Haraka mbona kuna Elizabeth Cotten wa Marekani, yule mama alirudi kwenye gita akiwa mtu mzima kabisa, alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya wanamuziki wakamkuta anapiga gita la pale ukutani, akaja kutoa rekodi na mwaka 1985 akapewa tuzo ya Grammy akiwa ameshavuka 90. Na alikuwa anatumia mkono wa kushoto kwenye gita la mkono wa kulia bila kubadilisha nyuzi, yaani gita limegeuka, besi anapiga kwa vidole na melodi kwa gumba.

---

Sina_Haraka

Namjua na namheshimu sana ila umesema mwenyewe, "alirudi". Alijifunza akiwa mtoto, akaacha miaka mingi, akarudi. Sio mfano wa mtu anayeanza na 43. Kumtafuta mtu maarufu aliyeanza na 43 ni kazi ngumu na wala hatumhitaji, mleta uzi hajasema anataka tuzo, anataka wimbo usiwe na breki.

---

Nyimbo_za_Jioni

Haya hapo umenishika. Lakini kwa wale wanaosema vidole vyangu vifupi, vidole vyangu vinene, nitamleta Django Reinhardt, yule mpiga gita wa jazi. Mwaka 1928 aliungua kwenye moto, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaharibika, cha pete na cha mwisho, akawa anapiga solo zake kwa viwili vilivyobaki, solo ambazo mi kwa vyangu vinne naziangalia tu. Huyo hunipokonyi 😄

---

Sina_Haraka

Huyo nakuachia.

---

Dada_Freti

Kaka Bila_Piki pole, mi niko mwaka wa pili nilianza na 36. Niseme ya ncha za vidole maana wanaume huwa hamsemi mnavumilia tu.

Wiki za mwanzo ncha zinauma, hiyo ni kawaida, zinafanya sugu baada ya wiki chache kisha unasahau. Dakika kumi na tano kila siku zinakujengea sugu kuliko masaa mawili ya Jumapili, maana ukikaa wiki nzima sugu inalainika unaanza moja. Usipige ukiwa umetoka kuoga au kuosha vyombo, ngozi ikiwa laini nyuzi zinaikata. Kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi kabisa, nilizililia zangu lakini zikaenda. Na kidole kikae nyuma tu ya ule waya wa freti, karibu nao kabisa, ukikaa katikati au mbali unakandamiza kwa nguvu mara mbili na bado uzi unanguruma. Maumivu ya ncha ni sawa ila yakija kwenye kifundo cha mkono au kwenye viungo vya vidole, weka gita chini. Hayo sio ya kuvumilia. Kwangu shida ilikuwa gumba, nilikuwa nalibana nyuma ya shingo kama nataka kulivunja.

Sasa niwachekeshe. Gita langu la kwanza lilikuwa la nyuzi za nailoni, mi sijui hata kama zinatofautiana. Nikasikia nyuzi za chuma zina sauti kali, nikanunua, nikavua za nailoni nikafunga za chuma, nikakaza mpaka zikafika. Ilipendeza siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikaona ile mbao ndogo tumboni nyuzi zinapofungwa, daraja, imeanza kubanduka, kuna upenyo unaingiza kipande cha karatasi. Kumbe nyuzi za chuma sita zikikazwa zinavuta kwa pamoja zaidi ya kilo 70, na gita la nailoni halikutengenezwa kubeba hivyo. Nililia. Hakuna wa kumlaumu, ni mikono yangu mwenyewe.

---

Fundi_Mbao

Dada pole sana, hilo daraja wangapi wameniletea...

Bila_Piki naomba nikuulize kuhusu F. Una kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni? Kama unayo ibane freti ya kwanza, halafu piga umbo lile lile la F ukiwa umelaza kidole freti ya pili. Usijali kwamba noti imepanda, sikiliza ugumu tu. Ikiwa ngumu vile vile basi ni mazoezi. Ila ikiwa imelainika ghafla, tatizo halipo kwako, ni kile kipande cheupe chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa, nati. Mifereji yake haijachimbwa vya kutosha, nyuzi zinakaa juu mno freti za mwanzo, na magita mengi ya bei ya chini yanatoka kiwandani hivyo. Pima na freti ya 12, kutoka juu ya waya mpaka chini ya uzi. Kwa nyuzi za chuma, uzi mwembamba kama milimita 2 na mnene kama 2 na nusu hapo uko vizuri. Ukikuta 4 unapigana na gita.

Usichimbe mwenyewe na kisu cha jikoni tafadhali. Ukipitiliza uzi unagonga freti ya kwanza unapiga kelele, na nati hairudishwi ni kubadilisha. Mpelekee mtu mwenye tupa zake.

---

Gita_la_Chumbani

Shikamooni wakubwa. Mi nina 22 niko najifunza pia, samahani naingilia uzi. Gita langu natyuni kwa apu kila siku lakini nikipiga nusu saa linatoka kwenye sauti. Ni bovu?

---

Fundi_Mbao

Marahaba kijana. Kama nyuzi ni mpya zinanyooka siku za mwanzo, ni kawaida, zivute taratibu kwa mkono kisha utyuni tena, rudia mara tatu nne. Halafu ukityuni fika kwenye noti ukitokea chini ukikaza, usifike kwa kulegeza, maana ukilegeza pale kwenye vigingi vya kukazia nyuzi kunabaki ulegevu, ukianza kupiga unajivuta wenyewe unashuka.

Na jifunze bila apu pia. Uzi wa sita freti ya 5 ni sawa na uzi wa tano wazi, wa tano freti ya 5 ni wa nne, wa nne freti ya 5 ni wa tatu, wa tatu ni freti ya NNE ndio sawa na wa pili, hapo ndipo wengi wanapotea, halafu wa pili unarudi freti ya 5 kwenda wa kwanza. Kwa apu jicho ndilo linalotyuni, huku unalifundisha sikio.

---

Mzee_wa_Besi

Utani pembeni sasa. Mnaongea mkono wa kushoto tu mkono wa kulia mmeusahau, na kwenye ile habari ya mleta uzi kitu kibaya kuliko vyote ni hiki, "mkono wa kulia nao unasimama kusubiri". Hapo ndipo wimbo unapofia. Anayesikiliza hajui kodi yako ilikaa vibaya, masikio yake yanasamehe noti moja iliyonguruma, lakini mapigo yakikatika anajua papo hapo hata awe mtoto wa miaka tisa.

Kwa hiyo mkono wa kulia ndio bosi. Ushuke na kupanda tu kama pendulumu ya saa, kushoto kufike kusifike. Ukichelewa piga nyuzi zikiwa wazi, ile nusu pigo ya mwisho kabla ya kuhama piga juu na vidole viko hewani, sikiliza wapigaji wazuri wa ridhimu utaisikia kila mahali na hujawahi kuiona kama kosa. Weka metronomu, kile kihesabu mapigo, 60 kwa dakika, kodi moja mapigo manne, nyingine mapigo manne. Ukishindwa shuka 50. Polepole inachosha kuliko haraka ndio maana watu hawaifanyi.

---

Bila_Piki

Mzee wa Besi hiyo ya nyuzi wazi si itakuwa ni kudanganya?

---

Mzee_wa_Besi

Ndio. Danganya.

---

Kidole_Gumba

Mi sipendi piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, napiga kwa vidole, nilianza hivyo sababu ya Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gita wa Kongo aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Mkono wa kulia anatumia gumba na cha shahada tu, viwili, na ukisikiliza unaapa wako watu wawili. Kwa mtu mzima anayeanza naona ina faida moja, ukipiga kwa vidole sio lazima kodi nzima ifike kwa wakati mmoja, gumba likianza na besi wewe unahitaji kidole kimoja tu kiwe kimefika, vingine vinakuja nyuma yake. Jaribu Am na C tu kwa gumba na shahada, polepole, utaona.

---

Bila_Piki

Wakuu nimerudi, ni wiki ya tatu na siku mbili tangu nifungue huu uzi. Nilisema nikirudi nirudi na namba.

G kwenda C nilianza 9 leo asubuhi nimepata 34. G kwenda D 41, hiyo ya kukiacha cha pete ni kama rushwa. C kwenda D bado 15, hakuna kidole kinachobaki, vyote vinahama, nimetafuta njia ya mkato sijaiona, nadhani hiyo ni ya kupigana nayo tu. Karatasi yangu iko ukutani na mke wangu anaiita ripoti ya hospitali.

F sasa. Nilifanya kipimo cha kapo cha Fundi_Mbao. Ikalainika ghafla, yaani nilikaa nikaliangalia gita kwa hasira. Nikapima freti ya 12, uzi mnene milimita 4 kasoro kidogo. Nikampelekea fundi, kaichimba nati na kukishusha kile kipande cha kwenye daraja. Linaporudi nilidhani nimepewa la mtu mwingine. Miezi mitano najiita mzee kumbe nilikuwa nanyanyua chuma.

Ila F haijatoka yote. Uzi wa pili unakufa, tk tk tk, nyingine zinalia.

---

Fundi_Mbao

Safi sana. Huo uzi wa pili ni mkunjo wa kidole, geuza kidole cha shahada uangalie pale kwenye pingili, uzi unaingia kwenye ule mfereji wa ngozi. Kisogeze juu au chini milimita chache tu ili mkunjo uangukie uzi mwingine. Kwenye F hicho kidole kina kazi nyuzi tatu tu, wa sita, wa pili na wa kwanza, hizo za katikati zimeshikwa na vidole vingine, kwa hiyo acha kuzibana zote sita kama koleo. Na kiiname kidogo upande wake wa nje, upande wa gumba, pale kuna mfupa.

---

UziWaTatu

34! Mi kufika 30 ilinichukua miezi miwili. Huku ukipigana na F ya kulaza, tumia ile ndogo kwenye nyimbo: kutoka C cha shahada unakiacha hapo hapo, cha kati na cha pete vinasogea uzi mmoja kwenda kwenye nyembamba, uzi wa kwanza unabaki wazi, usipige wa sita na wa tano. Ile ile habari ya benchi.

---

Bila_Piki

Nimeijaribu imetoka mara ya kwanza. Nimempigia mwanangu wimbo mzima, C, Am, hiyo F ndogo na G, mara nne bila kusimama, zile nyuzi wazi za Mzee wa Besi nimezidanganya kama sita hivi hakushtuka. Kaniambia baba breki zimeisha, sasa tatizo ni unavyoimba.

---

Mzee_wa_Besi

Hilo fungulia uzi mwingine mkuu 😂😂